Kupima risasi kwenye damu: uzoefu wangu na maabara moja ya Mombasa

Nilipomwambia binti wa mapokezi kuwa nataka kupimwa risasi, alinitazama kichwani hadi miguuni, akauliza kwa hofu, "Baba, umepigwa wapi?" Ikabidi nimweleze kuwa nasema ile ya betri, ninayoiyeyusha kumimina chubwi za nyavu. Miaka kumi na minne nimeifanya kazi hiyo uani kwangu, Likoni, kwa makaa na sufuria kuukuu. Habari za Owino Uhuru, mtaa ule ambao kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya risasi, nilizisikia kama kila mtu wa Mombasa, ila nilidhani yale ni ya wanaokaa ukutani mwa kiwanda. Kilichonitoa nyumbani ni msokoto wa tumbo usiokwisha, na mwanangu wa miaka minne anayecheza mlemle mavumbini.

Walianza na kidole. Unatobolewa, tone linakamuliwa, kimashine kinatoa namba baada ya dakika tatu. Yangu ilikuwa 41. Jasho lilinitoka. Yule kijana wa maabara, na hapa nampa haki yake, alinitazama kucha akasema, "Mzee, hii siiamini." Vumbi la risasi lililo kwenye ngozi huingia ndani ya tone na kupandisha namba. Sawa, lakini mbona hakuna aliyeniambia ninawe kwanza? Shilingi 1,500 zikaenda bure.

Akatutoa damu ya mshipa, mimi na mtoto, kwenye vichupa maalumu visivyo na mabaki ya madini, ikapelekwa Nairobi. Shilingi 4,200 kila mmoja. Siku nne walizoniahidi zikawa tisa, na kila nikipiga simu ni "kesho". Jibu langu: 29, kwa maikrogramu kwa desilita. Si 41, ila si ya kujivunia.

Ya mtoto ilikuwa 7.2, na pembeni wameandika "Kawaida: chini ya 10". Nilishukuru Mungu, nikaikunja karatasi. Shemeji yangu ni muuguzi, ndiye aliyeikunjua. Hiyo 10 ni ya zamani. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema ikifika 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe, na Marekani kwa watoto wanatumia 3.5. Kiwango salama hakijulikani kabisa. Sasa wazazi wangapi wameikunja karatasi kama mimi, wakarudi nyumbani wanacheka?

Daktari hakutupa dawa. Za kuitoa risasi mwilini, kwa watoto, kwa kawaida huanza kufikiriwa kwenye 45. Alisema niuhamishe moto. Nimeuhamisha mbali na nyumba, navua nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, mtoto ananawishwa kabla ya kila mlo. Baada ya miezi mitatu tukarudi: mimi 17, yeye 4.1. Kijana wa maabara akanipunguzia furaha: damu husema zaidi ya wiki na miezi ya karibuni, deni la miaka yote limelala mifupani, nayo hulitoa polepole.

Nawapa nyota tatu. Wataalamu wao wanajua kazi, ila ukienda nenda umenawa kwa sabuni, na omba ya mshipa tangu mwanzo. Kuhusu ile 10 niliwaandikia barua. Karatasi ya mara ya pili imekuja nayo vilevile.