Fundi aliyefungua chemba kwanza: huduma ya kuzibua mabomba, Pasua, Moshi

Nyota nne kati ya tano.

Nyumba tunayopanga ina wapangaji watano. Choo na bafu ni vya pamoja, na majitaka yote yanapita bomba moja la inchi 4 kwenda shimo la nyuma, kupitia chemba tatu (vishimo vyenye vifuniko vya kukagulia bomba) zilizo chini ya mparachichi. Katikati ya masika maji yakaanza kurudi bafuni. Siku ya tatu ulikuwa ukioga umesimama kwenye maji ya mwenzako.

Mimi nauza supu na mtori asubuhi, kwa hiyo macho yote yalinigeukia mimi na mafuta yangu. Nilimpigia mwenye nyumba. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mama, nyumba niliwakabidhi inapitisha maji. Mlioziba ni nyinyi, zibueni nyinyi."

Fundi wa kwanza tuliyemwita alimwaga dawa ya chupa, akachukua 25,000 tuliyochanga, akaondoka. Jumapili maji yalikuwa yamerudi.

Huyu wa pili tulielekezwa na muuza vifaa karibu na soko la Mbuyuni. Aliahidi saa tatu asubuhi, akafika saa sita kasoro robo bila hata kupiga simu. Nyota moja nimeikata hapo. Ila kazi yake ni nyingine kabisa. Hakugusa dawa. Aliomba mtarimbo, akafunua vifuniko vya chemba zote tatu, akatuita tuje tuone. Ya kwanza, karibu na bafu, imejaa hadi mdomoni. Ya pili nayo imejaa. Ya tatu kavu. "Pameziba kati ya ya pili na ya tatu," akasema. "Hili ni bomba la nyumba nzima, si la chumba cha mtu."

Akaingiza waya, ukagoma kama mita mbili ndani. Akauzungusha sana, akauvuta, ukatoka na shungi la mizizi refu kama mkono wangu, limenasa mafuta, nywele na pedi mbili. Mparachichi ulikuwa umepenya kwenye maungio ya bomba, na kila kilichopita kilinasa hapo.

Nikamwomba aangalie na sinki langu. Kona ya bomba chini yake ilikuwa na mafuta ya supu yaliyoganda. "Hii sasa ni yako, mama." Nikalipa 5,000 yangu pembeni. Alinikataza pia kumwaga maji yanayochemka: mafuta yanayeyuka hapa, yanaganda mbele, na bomba la plastiki linalegea. Siku hizi nayaacha yagande kwenye kopo, nayatupa na taka.

Kilichonifanya niandike haya ni risiti. Kazi ya chemba ilikuwa 60,000, na aliandika kwa mkono wake pameziba wapi na kwa sababu gani, akapiga na picha. Kijana wa chumba cha nne akanionyesha Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88: anayepangisha sehemu ya jengo ndiye wa kutunza paa, kuta kuu, mabomba makuu ya majitaka na sehemu za pamoja. Nikamtumia mzee mwenye nyumba picha na risiti, nikampigia, nikamsomea polepole bila kupandisha sauti. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hizo pedi?" Tukakubaliana akate 45,000 kwenye kodi ijayo, sisi tuchange 3,000 kila chumba. Naona ni haki, kwa sababu pedi zilitoka kwetu. Ile 25,000 ya kwanza aliikataa, tulimwita fundi bila kumwambia, na hapo sikubishana naye.

Kasoro nyingine: vifuniko alivirudisha bila kuziba kingo, tukanusa harufu siku mbili. Nilimpigia, akaja na saruji jioni ile ile, hakudai kitu.

Alisema kipande cha bomba chenye mizizi, kama mita tatu, lazima kibadilishwe, la sivyo mizizi itarudi. Mzee ameahidi kukibadilisha mvua zikiisha. Mvua zimeisha, na picha bado ninazo kwenye simu.