Muziki Katikati ya Rafu za Vitabu

Tamasha la bure lililoandaliwa na maktaba ya mtaa wetu lilinithibitishia kwamba chumba kilichojaa vitabu hufaa sana ala zisizotumia umeme, kwa kuwa karatasi na mazulia hufyonza mwangwi, hivyo kila uzi wa fidla na gitaa ulisikika waziwazi hata kwetu tuliokaa nyuma. Filimbi, kwa maoni yangu, ndiyo iliyonufaika zaidi. Ngoma, hata hivyo, ilipigwa kwa nguvu mno, na viti havikutosha, kiasi kwamba wazee wawili walisimama hadi vijana walipowapisha. Baada ya onyesho watoto waliruhusiwa kugusa ala, jambo ambalo ni nadra katika kumbi za kulipia. Anayetaka kiti afike nusu saa mapema.