Usiku kwenye vibanda vya yatai Fukuoka: uzoefu wangu

Naupa usiku wa Fukuoka nyota nne kati ya tano. Sizungumzii disko wala karaoke. Hizo zipo, lakini utazikuta kila mji wa Japani. Nazungumzia yatai, vibanda vya chakula na vinywaji vinavyokokotwa jioni hadi kando ya barabara, vikapika mpaka saa saba au nane usiku, kisha vikafungashwa vyote na kuondolewa. Asubuhi ukipita hapo ni njia ya miguu tu, watu wanawahi kazini.

Kibanda ni kidogo kweli. Mabenchi, turubai, taa, na watu wanane hadi kumi mmebanana bega kwa bega. Mwenye kibanda, wateja humwita taisho, anasimama katikati, sufuria ya supu huku, jiko la mishikaki kule. Kwa ubanano ule huwezi kujifanya hujamwona jirani. Baba mmoja aliyeketi kulia kwangu, tai imelegezwa, alinisogezea kipande cha figili kutoka kwenye sahani yake ya oden, mboga na vitafunio vilivyochemshwa kwenye mchuzi, kisha akaionyesha haradali na kukunja uso mzima ili nielewe kuwa ni kali. Kijapani changu ni cha kuombea maji, yeye Kiingereza hana, na bado tulipiga soga mpaka taisho akaingilia.

Wageni wengi hukimbilia Nakasu, vibanda vilivyojipanga kando ya mto. Kwa picha sawa, taa zinavyomeremeta majini panapendeza. Lakini foleni ni ndefu na bei zimechangamka. Hapo ndipo nyota moja ilipopotelea: kibanda kimoja hakikuwa na bei ya vinywaji popote, na bili ilipokuja nilitamani kuuliza kama tumelipia na mto. Siku hizi nikikosa bei ukutani, napita. Tenjin, mtaa wa katikati ya jiji, nimepapenda zaidi, kwa sababu wafanyakazi wa maofisini wenyewe ndio wanaokula pale.

Vibanda hivi vilikuwa zaidi ya 400 miaka ya 1960. Sasa ni kama 100. Kwa muda mrefu kibali hakikuweza kupewa mtu wa nje ya familia, kwa hiyo wazee wakistaafu na kibanda kinakwisha. Mwaka 2013 jiji lilitunga kanuni mpya, baadaye likaanza kuita waombaji wapya na kuwachuja. Miongoni mwa waliopata nafasi alikuwemo hadi Mfaransa.

Sasa chakula, na hapa Waislamu wenzangu mnisikilize. Rameni ya Fukuoka, yaani tambi za supu, inayosifiwa Japani nzima, supu yake ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa masaa hadi ikawa nyeupe kama maziwa. Mishikaki ya kuku ipo, ila nyama ya tumbo la nguruwe inachomwa juu ya jiko hilohilo. Huo ni mshikaki wanaoupenda sana watu wa huko. Mimi niliishia kwenye kimanda na soda, nikafurahia maongezi. Anayefuata tumbo tu, asijisumbue.

Choo hakuna, mtaonyeshwa cha umma kilicho karibu. Mvua ikinyesha sana hawafungui, na Jumapili vingi hupumzika. Chukueni pesa taslimu. Kila aketiye anatakiwa kuagiza kitu, na kukaa saa nzima na glasi moja huku watu wamesimama nyuma yako ni aibu hata bila kuambiwa. Treni za mwisho ni kama saa sita usiku, lakini ukilala Tenjin au Hakata, mtaa wa kituo kikuu cha treni, unarudi kwa miguu au teksi ya karibu, na toka uwanja wa ndege hadi Tenjin ni kama dakika 11 kwa metro.

Fikeni saa kumi na mbili na nusu jioni kabla maofisi hayajamwagika. Mkiwa sita, gawanyikeni wawili wawili, la sivyo mtazunguka mpaka miguu iume.