Jinsengi ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Wanaokwenda Guangzhou kwa biashara na kupita soko la dawa la Qingping huonyeshwa jinsengi, mzizi wa dawa, ya kila rangi na kila bei. Mimi ningeipanga hivi.

Ya kwanza ni jinsengi nyekundu, tena mzizi mzima. Ni Panax ginseng (jina lake la kitaalamu) ileile inayolimwa Korea na mkoani Jilin, China, ila hupikwa kwa mvuke kabla ya kukaushwa, ndiyo maana huiva rangi na kukaa muda mrefu bila kuharibika. Ya miaka 6 ndiyo inayosifiwa zaidi. Hapo usikubali maneno matupu: shika shingo ya mzizi, pale shina linapoota. Shina hufa kila mwaka na kuacha kovu. Ukiona makovu mawili tu, miaka 6 imetoka wapi? Na shingo ikiwa imekatwa, umri umebaki mdomoni mwa muuzaji. Mzizi uwe mkavu na mgumu. Ukipindika kama mpira, unalipia maji.

Ya pili ni jinsengi ya Marekani, Panax quinquefolius, inayolimwa sana Wisconsin na pia Ontario, Kanada. Waganga wa Kichina huihesabu kuwa ya kupoza, na ile nyekundu ya kutia joto, kwa hiyo muulize mtumiaji anaitakia nini kabla hujalipa.

Mwenye bajeti ndogo achukue vijizizi vyembamba vya pembeni. Ni rahisi, havipendezi machoni, lakini gramu kwa gramu huwa na ginsenosaidi, yaani viambato vya dawa vya jinsengi, nyingi kuliko mzizi mkuu. Kwa chai ya nyumbani vinatosha kabisa.

Dangshen naiweka ya nne. Si jinsengi, ni mmea mwingine, ila kwa supu ya kuku ni nzuri na bei yake ni nafuu. Inunue kwa jina lake, si kwa bei ya jinsengi.

Mwisho kabisa ni pakiti za chai ya unga. Soma lebo: nyingi zimejaa sukari. Na ile inayoitwa “ya Siberia” si Panax, yaani si jinsengi halisi. Marekani ilipiga marufuku kuiuza kwa jina la jinsengi tangu 2002.

Bei ukitajiwa kwa jin, hiyo ni gramu 500, si kilo. Kipimo cha kawaida cha jinsengi nyekundu ni gramu 3 hadi 9 kwa siku. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kisukari amuone daktari kwanza, kabla ya kununua hata kipande.