Darasa la Kiarabu la jioni, Sokomatola: kama unapenda maneno, nenda

Wadau wa Mbeya mliokua mnauliza lile darasa la Kiarabu la jioni pale Sokomatola likoje, mi nasoma pale na nalipenda sana. Ada 15,000 kwa mwezi, dini yoyote unapokelewa, tunae mpaka mama mmoja Mlutheri.

Raha yake ni ustadhi anavyochimba neno. Siku ya neno dunia darasa zima tulikaa kimya, maana sisi dunia ni hii tunayoishi basi, kumbe Kiarabu dunya mwanzo ni sifa, umbo la kike la adna, yani iliyo karibu zaidi au ya chini zaidi, ndo maana Qurani inataja maisha ya dunya, haya ya karibu, na ng'ambo yake akhera, ya mwisho. Baadae sifa ikageuka jina kabisa, ikasafiri kwa Waajemi, Waturuki, Wahindi, Wahausa hadi huku kwetu. Mwenzetu akadakia basi ndo hiyohiyo duni, ustadhi akaandika mizizi yote ubaoni, yani zile herufi za msingi zinazozaa neno: dunya ni dali, nuni, wau, duni ni dali, wau, nuni, herufi zilezile ila maneno mawili tofauti. Aisee ilinigusa, maana wengi tukisikia fulani kaipenda dunia tunaona kama dunia inatukanwa, wakati neno lenyewe linasema iko karibu tu, na kilicho karibu ndo kinachokushika, shamba, nyumba, simu, hata wanao.

Mama akauliza, na Yohana je, si kwenye waraka wa kwanza anakataza tusiipende dunia? Ustadhi hakumkwepa, akamwambia, mama yangu, pale Kigiriki ni kosmos, neno lililoanzia kwenye mpangilio na pambo, Kiswahili ndo kimezikutanisha njia mbili kwenye neno moja, dunia. Halafu akatupa zuhudi, kutokua na tamaa na kitu hata kama unacho. Hapo tulibishana mpaka muda ukaisha.

Kasoro zipo. Chumba kidogo, mwezi wa 7 baridi inapenya madirishani, na kopi za notsi zimefifia, sasa Kiarabu nukta ikipotea utajuaje hii ni ba au ta? Wazichapishe upya jamani. Na kama unataka cha kuongea harakaharaka uende Dubai kibiashara, tafuta kwingine, hapa mzizi mmoja unaweza kula jioni nzima.

Wapya wanaanza mwanzo wa mwezi, wahi, viti vichache.