Uzoefu wangu na oksijeni ya mtungi kwa maumivu ya kichwa ya klasta, hapa Moshi

Kwa miaka sita niliyaita maumivu haya kipandauso, kwa kuwa hilo ndilo jina alilonipa kila niliyemweleza. Hata hivyo, mwenye kipandauso hutafuta chumba chenye giza akalala tuli, ilhali mimi yakinishika siwezi hata kukaa kitini. Hunianza saa nane usiku, karibu kila mara saa ileile, nyuma ya jicho la kulia. Jicho hutoa machozi, pua ya upande huohuo huziba, kope hulegea, nami huzunguka uani kati ya mlango wa jiko na migomba kwa muda wa saa nzima au zaidi. Msimu ukiingia huwa hivyo kila usiku kwa wiki saba hivi, kisha hutoweka kwa mwaka na kitu. Kabla ya kufika kwa daktari wa mishipa ya fahamu nilikuwa nimeshameza dawa za sinasi zisizohesabika, na nimeng'olewa gego la juu ambalo, kama nilivyokuja kuelewa, halikuwa na kosa lolote.

Daktari huyo aliniandikia verapamili ya kupunguza mashambulizi, baada ya kunipima umeme wa moyo, na kwa ajili ya shambulio lenyewe akaniandikia oksijeni. Nilimwambia kwamba oksijeni nimekwisha kuijaribu na haikunisaidia. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulipewa lita ngapi kwa dakika?"

Sikujua. Nilichokumbuka ni kwamba katika kituo kimoja cha afya niliwekewa vimirija vya puani, muuguzi akaniambia, "Tulia baba, vuta pumzi taratibu," na nusu saa baadaye nilikuwa bado nimeshika kichwa. Daktari alinieleza kuwa vimirija vile hutumika kwa mtiririko mdogo, na hewa ya kawaida huingia pembeni, kwa hiyo mgonjwa wa klasta haipati oksijeni anayoihitaji. Inatakiwa oksijeni tupu, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa maski yenye mfuko wa akiba inayobana uso vizuri, kwa dakika 15 hadi 20, na ianzwe mara tu maumivu yanapochomoza. Alinitajia pia utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2009 katika JAMA, jarida la tiba la Marekani: kwa lita 12 kwa dakika, mashambulizi 78 katika kila 100 yalipoa ndani ya dakika 15, na kwa hewa ya kawaida 20 tu. Mimi hufundisha hisabati. Tofauti ya namna hiyo haihitaji kupambwa kwa maneno.

Nilikodi mtungi kwa msambazaji mmoja wa hapa mjini, ambaye sitamtaja. Mara ya kwanza nililetewa kipimio kinachoishia lita 10 na maski ya kawaida isiyo na mfuko, na geji ilionyesha mtungi umefika nusu ingawa nilikuwa nimeulipia kuwa umejaa. Nilipolalamika, kijana aliyeuleta alinijibu kwamba "wazee wote wa pumu wanatumia hiihii". Ilinichukua siku tano na safari mbili za bajaji hadi nikapata kipimio cha lita 15 na maski inayofaa, na usiku wote wa siku hizo niliumaliza uani kama zamani.

Usiku wa sita niliamka, nikaketi ukingoni mwa kitanda nikiwa nimeinama mbele kidogo, nikaibana maski kwa mkono na kufungua hadi lita 15, huku mama watoto akishika saa. Kufikia dakika ya saba maumivu yalikuwa yameanza kushuka. Kufikia ya kumi na mbili yalikuwa yamekwisha, nami nikabaki nimeketi pale nikiyasubiri yarudi, kwa sababu sikuamini. Tangu hapo nimeitumia misimu miwili. Nikichelewa hata robo saa, hufanya kazi nusunusu. Na zipo siku maumivu huondoka kisha yakarudi kabla ya alfajiri, ikanibidi nianze upya.

Hesabu ya matumizi ifanye kabla ya kulipia. Lita 15 kwa dakika 20 ni lita 300. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 hutosha mashambulizi 22, yaani siku 11 kwa mtu anayeshikwa mara mbili kwa siku, lakini mtungi mdogo wa lita 1,500 humaliza matano tu. Jirani alinishauri ninunue mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani ili niepukane na kujaza mitungi, lakini nyingi hutoa lita 5 kwa dakika, na hapo ningekuwa nimerudi kwenye vile vimirija.

Mtungi wangu umefungwa mnyororo ukutani, mbali na jiko la mkaa. Siku valvu ilipokaza, mwanangu alikuja mbio na grisi ya baiskeli, nami nikampigia kelele ambazo hakuzizoea kutoka kwangu, kwa maana grisi ikikutana na oksijeni yenye mgandamizo huweza kulipuka. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu asiiguse oksijeni hii kabla ya kuonana na daktari. Na msimu ukiwapo, mbege naikataa hata kwenye sherehe za ukoo kule Kibosho, kwa kuwa kikombe kimoja huniletea shambulio kabla saa haijaisha. Wapo ndugu wanaodhani nimeokoka.

Nikisahihisha kama mtihani, oksijeni yenyewe naipa alama 85. Kumi na tano nimezikata kwa sababu haizuii shambulio lijalo, na kwa sababu mtungi siwezi kwenda nao shuleni. Msambazaji nampa 45, na hizo ni kwa kuwa hatimaye alibadilisha vifaa bila kudai nyongeza. Bima yangu haikuchangia chochote. Geji sasa inaonyesha robo, na nimeshaagiza mtungi mwingine mapema, maana masika ikikolea bajaji haipandi barabara yetu.