Korosho Katika Chupa Zilizoondolewa Hewa: Uzoefu Wangu Mikindani

Kifaa ninachokieleza ni pampu ya mkono yenye kofia ya plastiki, inayovikwa juu ya chupa ya kioo iliyokwisha kuwekewa kifuniko cha bati chenye mpira kwa ndani. Hewa ikishavutwa na kofia ikiondolewa, mgandamizo wa hewa ya nje hukibonyeza kifuniko katikati na kukibana kisiachie. Hakihitaji umeme, nami nilikichagua hasa kwa sababu hiyo.

Nilikinunua kwa ajili ya korosho. Msimu wetu wa mavuno hushika kasi kuanzia Oktoba, na korosho tunazobangua na kukaanga wakati huo natamani zifike masika zikiwa bado kavu. Tatizo ni kwamba hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na korosho, ambayo zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake ni mafuta, hushambuliwa kwa njia mbili: unyevu huilegeza, na oksijeni huyaharibu mafuta yake mpaka yakaacha uchungu kooni. Kioo hakipitishi hewa wala unyevu. Korosho nilizozifunga baada ya kupoa kabisa, maana joto likibaki huzaa mvuke ndani ya chupa, zilivuka masika zikitafunika vizuri na utamu wake ukiwa palepale, ilhali za kikaango kilekile zilizobaki kwenye ndoo ya plastiki zilikuwa zimelegea na kuanza kunuka mafuta yaliyokaa. Tofauti hiyo peke yake imenitosha kukipenda kifaa hiki. Ufuta nao ulitunzika vivyo hivyo.

Kwa unga wa muhogo sikuridhika sana, kwa kuwa vumbi lake huvutwa juu likakaa kwenye mpira, na kifuniko huachia baadaye; kitambaa chepesi juu ya unga husaidia, lakini unga wa kula wiki hii hauna haja ya shughuli hiyo. Mbaazi na choroko hufaidika kwa kuwa fukusi hawaishi pasipo oksijeni, ila lazima ziwe zimekauka barabara.

Muuzaji alinieleza kuwa hata mchuzi ungeweza kukaa kabatini ndani ya chupa hizo. Ushauri huo ni wa hatari, na naomba asiufuate mtu yeyote. Kuondoa hewa hakuui vijidudu. Bakteria wa botulinamu hustawi palepale penye unyevu na pasipo oksijeni, na sumu yao huweza kuua bila chakula kubadilika harufu. Mbegu zao huhimili maji yanayochemka, ndiyo maana viwanda vya chakula cha makopo hutumia mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi chini ya mgandamizo. Kwa hiyo samaki wa kupikwa, maharage yaliyochemshwa na kitunguu saumu kibichi kilichotiwa mafuta mahali pake ni kwenye jokofu, na kwa muda mfupi. Dagaa wa kuanikwa pia siwafungi, kwani mara nyingi hukauka nje huku ndani wakibaki na unyevu.

Vifuniko vya akiba sikuvipata madukani Mtwara mjini, nikaagiza Dar es Salaam. Mpira huchoka, hivyo kila ninapopita kabatini hubonyeza kila kifuniko kwa kidole, na chupa ambayo kifuniko chake kinacheza ndiyo inayofunguliwa kuliwa kwanza.